Muhuri Hauoshi Dhuluma

Hotuba kwa waumini na wanaharakati wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Tumeombwa tuzungumze juu ya haki katika biashara. Huenda baadhi yenu mkajiuliza jambo hili lina uhusiano gani na mageuzi. Si tulidai vyama vingi, kura ya siri na katiba mpya? Bei ya unga na kazi ya kiwandani si mambo ya wafanyabiashara wenyewe?

Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwa kuwarudisha nyuma kidogo. Mwaka 1990 nchi yetu ilikuwa chini ya chama kimoja. Tarehe 1 Januari mwaka huo Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarini jijini Nairobi akasema kwamba mabadiliko yaliyozikumba nchi za Ulaya ya Mashariki yangeweza kufika na huku kwetu. Askofu Henry Okullu naye akadai wazi kwamba vyama vingi viruhusiwe. Mimbari zilisema wakati ambapo Bunge lilinyamaza. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kikafutwa, na chama kimoja kikapoteza ukiritimba wake wa kisheria.

Lakini katika kipindi hicho hicho mlango mwingine ulifunguliwa. Mwaka huo huo wa 1990 Bunge lilipitisha sheria ya maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuzwa nchi za nje, yale ambayo tumezoea kuyaita EPZ. Mwekezaji aliyeingia kwa mlango huo aliahidiwa miaka 10 bila kulipa kodi ya mapato ya kampuni, na kusamehewa ushuru wa mashine na malighafi. Basi ikawa nchi moja ina milango miwili. Mlango wa siasa ulifunguliwa kwa machozi, vifungo na maombi. Mlango wa biashara ulifunguliwa kwa kalamu. Aliyepita katika ule wa kwanza aliulizwa maswali mengi na polisi, na aliyepita katika huu wa pili aliulizwa machache mno.

Tulijifunza upesi matokeo yake. Katika miaka ya mwanzo ya tisini Hazina ya taifa ililipa mabilioni ya shilingi kama ruzuku ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo za kuuza kwa kiasi hicho. Jambo hilo twalikumbuka kwa jina la Goldenberg. Nanyi kumbukeni kwamba fedha zile hazikuchukuliwa kwa kuvunja kufuli usiku. Zilichukuliwa kwa fomu zilizojazwa, zikatiwa sahihi, zikapigwa mihuri.

Hapo ndipo lilipo neno letu la leo. Kibali si haki. Muhuri wa serikali waweza kuihalalisha kazi mbele ya karani, lakini hauwezi kuiosha dhuluma mbele ya jirani wala mbele ya Mungu. Na biashara ambayo anayeumizwa nayo hana nafasi ya kuiuliza swali, hiyo ni chama kimoja kilichobadilisha jina tu.

Tuanze na pishi yetu wenyewe

Si vizuri kumnyoshea kidole mwenye kiwanda kabla ya kuitazama mikono yetu. Twendeni Kongowea alfajiri, malori yanaposhusha viazi, vitunguu na maembe. Sote twajua yanayotendeka. Yuko mwenye kuzipanga nyanya nzuri juu na zilizooza chini. Yuko aliyeligonga gorogoro lake kwa nyundo likabonyea kitako, likawa kubwa kwa macho na dogo kwa tumbo. Yuko dalali anayemkuta mkulima amechoka na safari, akamwambia bei imeanguka, hali akijua kwamba haikuanguka.

Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilitimiza pishi moja. Kipimo hicho kilikuwa ni ahadi. Anayekipunguza hamwibii mteja mmoja peke yake. Anaiharibu ile imani inayomwezesha mtu asiyemjua mwenzake kununua kwake. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliongoja sikukuu ipite upesi ili warudi kwenye mizani zao za hila. Ndugu zetu Waislamu nao wana sura nzima katika Kurani, ya 83, inayoitwa kwa jina la wale wapunjao vipimo. Vitabu viwili vimekutana juu ya mizani moja. Nasi watu wa Mombasa, ambao misikiti na makanisa yetu yako mtaa mmoja, hatuna udhuru wa kutojua.

Hata hivyo kuna tofauti ambayo lazima tuione. Aliyepunjwa Kongowea aweza kesho kwenda kwa muuzaji wa pili. Aweza kuteta, aweza kuita wenzake washuhudie. Hasara yake ni ya kweli, lakini ana mdomo na ana miguu. Dhuluma iliyo kubwa zaidi ni ile inayomfikia mtu ambaye hakununua wala hakuuza, hakuafikiana na yeyote juu ya bei, na hana pa kukimbilia.

Watu wa Likoni hawahitaji kufundishwa somo hilo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo, na watu 272 wakapoteza maisha yao. Walikuwa wakienda kazini na kwenye shughuli zao za kila siku. Chombo kilikuwa kimebeba watu kuliko uwezo wake. Abiria yule alikuwa hana daraja, hana mashua ya pili, wala hana namna ya kuchelewa kazini bila kukatwa mshahara. Alilipa nauli akapanda. Wala chombo kile hakikuwa cha tajiri mmoja mwenye tamaa. Kilikuwa cha shirika la umma. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba uovu wa biashara ni wa mtu binafsi tu, au kwamba mali ikiitwa ya serikali basi imetakata. Popote hesabu ya mapato inapotangulia hesabu ya roho za watu, pale pana dhuluma, awe mwenye mali ni nani.

Habari ya Owino Uhuru

Sasa twendeni upande wa Changamwe. Tangu mtambo wa kusafisha mafuta ulipoanza kazi mwaka 1963, watu kutoka kila pembe ya nchi wamekuja huko kutafuta riziki, wakajenga karibu na kazi kwa sababu nauli ni ghali na mshahara ni mdogo. Huko Mikindani, sehemu iliyokuwa katika jimbo la Changamwe kabla jimbo la Jomvu kuanzishwa kwa uchaguzi wa 2013, kuna kijiji cha mabati na udongo kiitwacho Owino Uhuru, chenye wakazi wapatao 3,000.

Mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi ubavuni mwa kijiji hicho. Kilikuwa cha kampuni ya Metal Refinery iliyoandikishwa chini ya mpango wa EPZ. Kazi yake ilikuwa kuzivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani yake, ili yauzwe nje. Betri hupasuliwa, tindikali yake ikamwagwa, vipande vyake vikatiwa tanurini. Moshi hupanda, vumbi hushuka, na maji machafu hutafuta njia yake. Kiwanda kilipakana na nyumba kiasi kwamba ukuta tu ndio uliotenganisha tanuri na jiko la mama.

Lugha yetu ina neno moja kwa madini haya na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Risasi ya bunduki ina mlio, na watu hukimbia. Risasi hii haina mlio. Huingia kwa pumzi, kwa chakula, kwa vidole vya mtoto atambaaye. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Huipunguza damu, huharibu figo, huwafanya wajawazito waharibikiwe na mimba. Na zaidi ya yote huudhuru ubongo wa mtoto, akawa mzito wa kujifunza maisha yake yote. Mwili wa mtoto huinyonya zaidi kuliko wa mtu mzima, mara nne au tano.

Wala asiseme mtu kwamba hayo hayakujulikana. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa sababu dunia ilikuwa imekwisha kukubali ubaya wake. Yaani tuliiondoa risasi katika tangi za magari, na baada ya mwaka mmoja tukairuhusu itokezwe penye pumzi za watoto.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama mmoja kijana, Bi. Phyllis Omido. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusimamia tathmini ya mazingira. Tathmini ilipoonyesha hatari, yeye alishauri kwamba kiwanda kihamishwe kutoka pale, na ushauri huo haukukubaliwa. Kisha mwanawe mchanga akaugua. Na vipimo vilipofanywa, ikaonekana ni risasi. Mama huyu angeweza kumtibu mwanawe akanyamaza, akatafuta kazi nyingine. Badala yake alirudi kijijini akaanza kugonga milango, akiwauliza kina mama wengine: na wako je?

Akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira, lijulikanalo kwa kifupi kama CJGEA. Barua zikaandikwa, ofisi zikatembelewa, maandamano yakafanywa. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wanakijiji wenzake akashtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachilia huru. Mwaka 2014 kiwanda kikaacha kazi. Mwaka 2015 Bi. Omido alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na dunia ikalisikia jina la Owino Uhuru. Lakini tuzo haiitoi risasi katika damu. Kwa hiyo mwaka 2016 kesi ikafunguliwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa, dhidi ya kampuni na dhidi ya taasisi za serikali zilizopaswa kulinda watu.

Tarehe 16 Julai 2020 Jaji Anne Omollo akatoa hukumu. Aliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji ya pale yasafishwe. Sikilizeni sasa jinsi lawama ilivyogawanywa, kwa maana hapo ndipo penye fundisho. Mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, NEMA, ilibebeshwa sehemu 40 katika 100. Wizara mbili na mamlaka ya EPZ nazo zikapewa sehemu zao. Kampuni iliyoyeyusha betri haikubeba hata nusu. Mahakama ilikuwa inatuambia kwamba aliyewasha tanuri ana hatia, lakini mlinzi aliyelipwa kuangalia akaangalia kando ana hatia iliyo nzito zaidi.

Rufani ikakatwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia ile, na machozi yakaanza upya. Wanakijiji wakapanda ngazi ya mwisho. Desemba 2024 Mahakama ya Juu kabisa ikairudisha hukumu ya fidia ya mwaka 2020. Kutoka tanuri la kwanza hadi neno hilo la mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku tanuri lilipowashwa alikuwa anakaribia umri wa kuchukua kitambulisho.

Shamba la Nabothi

Mnakumbuka habari iliyo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi, lililokuwa karibu na jumba lake. Hakuanza kwa upanga. Alianza kama mfanyabiashara mwungwana: alimwahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi akakataa, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wazee wakakutana. Mashahidi wawili wakapatikana, kama sheria ilivyotaka. Hukumu ikatolewa, Nabothi akapigwa mawe akafa, na shamba likachukuliwa.

Tazameni jinsi mambo yote yalivyokwenda kwa utaratibu. Palikuwa na barua, muhuri, kikao, mashahidi na hukumu. Kama angekuja mkaguzi wa mahesabu, faili angeliona limekamilika. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: hakuna hata mzee mmoja aliyesimama kuuliza kama jambo lile lilikuwa kweli. Kazi hiyo ilibaki kwa nabii, naye alifika Nabothi akiwa amekwisha kuzikwa.

Sisi tulio kanisani twapenda kujifananisha na Eliya. Lakini twaogopa kwamba mara nyingi tumekuwa wale wazee wa mji. Barua imekuja na muhuri, nasi tumesema: serikali imekwisha kuidhinisha, sisi ni nani? Twafanya hivyo shamba la wazi la shule linapozungushiwa uzio. Twafanya hivyo mtaro wa maji machafu unapoelekezwa baharini, mahali wavuvi wetu wanapotega. Tunangoja mpaka kuna maiti, ndipo tunaitisha maombi.

Je, vijana watakula nini?

Kuna swali ambalo hatuwezi kulikwepa, nalo huulizwa na watu wema. Mkifunga kiwanda, vijana watakula nini? Changamwe bila viwanda ni nini? Mtu mwenye njaa hali hewa safi.

Hatulidharau swali hilo. Tumekaa na wazazi ambao wana wao wamemaliza shule, nao wanashinda vijiweni. Tunajua kwamba shilingi mia chache za kibarua ndizo sufuria ya jioni. Ndiyo maana kiwanda kinachoumiza watu hukigawanya kijiji: nyumba hii ina mgonjwa, nyumba ile ina mwajiriwa, na mara nyingine mgonjwa na mwajiriwa wamo nyumba moja.

Lakini tuifanye hesabu yote, tusiikate katikati. Mwenye kiwanda husema: nimetoa mishahara. Haya, iandikeni hiyo upande wa mapato. Kisha andikeni upande wa pili nauli za kwenda hospitali, dawa, siku za kazi zilizopotea kwa mama anayemwuguza mtoto, darasa analolirudia mtoto yule yule mara mbili, na udongo usiofaa kulimwa tena. Gharama hizo hazikuandikwa katika vitabu vya kampuni. Ziliandikwa katika miili ya watu wasiokuwa na hisa hata moja. Faida ikienda upande mmoja na hasara ikabaki upande wa pili, hiyo si biashara. Ni wizi wa polepole wenye risiti.

Tena waajiriwa wenyewe ndio wa kwanza kuumia, maana wao husimama karibu zaidi na tanuri. Kusema kwamba tunatetea kazi yao kwa kunyamazia sumu wanayoivuta ni kama kumsifu mbuzi kwa unono wake mkesha wa sikukuu.

Hatusemi kwamba betri zisiyeyushwe. Magari yetu yanazitumia, na ni bora zirudishwe kazini kuliko kutupwa. Twasema kazi hiyo yaweza kufanywa mbali na makazi ya watu, moshi ukichujwa, maji yakikusanywa, wafanyakazi wakivishwa vifaa vya kujikinga na damu yao ikipimwa mara kwa mara. Yote hayo yagharimu fedha. Mwenye mali anayesema kwamba hawezi kupata faida akitimiza hayo, amekiri kwa kinywa chake kwamba faida yake ilikuwa ni ile afya aliyoichukua kwa jirani bila kuilipia.

Mambo ya kufanya

Tusimalize kwa kuhuzunika tu. Mageuzi tuliyoyapigania yametupa vyombo ambavyo wazee wetu hawakuwa navyo. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 42 kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, wala halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara. Hilo ni jambo kubwa. Maana yake ni kwamba hatuna haja ya kungoja jeneza ndipo tupate kuwa na kesi.

Basi, la kwanza, tuulize mapema. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka miradi yenye hatari ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Mara nyingi tangazo hubandikwa mahali asipopita mtu, au huchapwa gazetini kwa lugha ngumu. Kila parokia na kila usharika uwe na watu wawili au watatu wa kulitafuta tangazo hilo, kulisoma kwa Kiswahili siku ya Jumapili baada ya ibada, na kuandika maoni. Tena kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tuziombe kwa maandishi, tuweke nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni hivyo hivyo.

La pili, tuwe kimbilio la mfanyakazi mwenye dhamiri. Anayejua kwanza kwamba maji yanamwagwa usiku si askofu wala si mbunge. Ni kibarua wa zamu. Lakini ana watoto, na anaogopa. Je, yuko mtu kanisani kwako ambaye kibarua huyo aweza kumweleza bila jina lake kufika kwa meneja kabla ya Jumatatu? Kama hayupo, tusilalamike kwamba watu wananyamaza.

La tatu, tuichunguze sadaka. Hapa twajisema wenyewe. Tumezoea harambee ambazo mgeni wa heshima hufika na bahasha nene, na hakuna amwulizaye alikoipata. Paa jipya la kanisa likiezekwa kwa fedha zilizotolewa katika mapafu ya watoto, tutahubiri nini chini yake? Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliukataa mchango ambao Rais aliutoa katika kanisa moja la jimbo lake. Kuna waliosema amekosa adabu. Sisi twaona alilikumbusha kanisa jambo ambalo lilikuwa limelisahau, ya kwamba mkono uliokwisha kupokea hauwezi kunyoshwa kukemea.

La nne, tuifuate hukumu mpaka mwisho. Hukumu iliyoshindwa kutekelezwa ni karatasi, na wanyonge wa nchi hii wana masanduku yaliyojaa karatasi za namna hiyo. Kila tukutanapo na mbunge, na gavana, na ofisa wa mazingira, tumwulize maswali matatu: fidia ya Owino Uhuru imelipwa kiasi gani, imelipwa kwa nani, na udongo umesafishwa lini? Tuulize kwa adabu, na tuulize tena mwezi ujao.

La tano ni lile tuliloanza nalo. Ninyi mlio na vibanda Kongowea, mlio na maduka Likoni na matatu za njia ya Changamwe, mlio na mafundi na wasichana wa kazi majumbani: pimeni sawa, lipeni kwa wakati, msimpakie abiria mahali pasipo kiti. Tutamwambia nini mwenye tanuri ikiwa gorogoro letu limebonyea kitako?

Tunajua kwamba wako watakaosema tunaota, kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Lakini kijiji cha mabati kimesimama mbele ya majaji wa ngazi zote tatu, mbele ya wizara na kampuni, na katika ile ya mwisho kikasikilizwa. Haikuwa kwa sababu kina mama wale walikuwa na fedha wala jina. Ni kwa sababu walikataa kuambiwa kwamba jambo lenye muhuri limekwisha.

Tukitoka hapa leo, kila mmoja wetu atapita mbele ya ukuta fulani ambao nyuma yake kuna kazi inayofanywa. Asimame kidogo. Aangalie moshi unakoelekea na maji yanakotokea. Kisha aulize ni nani anayelala upande huo, na kama aliwahi kuulizwa.

Mungu awabariki, na awape ujasiri wa kuuliza.